Neno la kisheria likikutatiza, kamusi iwe ya mwisho kuifungua

MchapajiMakole (mwanzisha uzi)

Mbukwenyi wakuu. Wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi.

Nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi hapa Makole, Dodoma mjini. Mimi si wakili na humu sitoi ushauri wa kesi ya mtu. Ila karatasi za mahakama na mabaraza ya ardhi zinapita mikononi mwangu kila siku ya kazi, na kuna jambo naona linawaumiza watu. Mtu anapewa nakala ya hukumu, anakutana na neno gumu, anatoa simu, anauliza intaneti. Intaneti inamletea maana ya Marekani au Uingereza. Anaibeba ilivyo, anapanga mambo yake kwa maana hiyo, na siku anarudi kwangu anachapisha maombi ya kuongezewa muda.

Hoja yangu ni moja: watu wanaanzia mwisho. Kamusi ya sheria ni kitu kizuri sana, lakini inakuja baada ya milango mingine kugongwa.

Mlango wa kwanza ni sheria yenyewe. Karibu kila sheria ina kifungu cha tafsiri, mara nyingi ni cha 2, 3 au 4, pale mwanzoni ambapo wengi wanaruka kutafuta "kifungu changu". Humo Bunge limekwambia neno fulani lina maana gani ndani ya sheria HIYO. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu ukitoka humo ukaingia sheria nyingine, neno lile lile linageuka. Chukua neno mtoto. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, kama ilivyotungwa 2004, iliweka chini ya miaka 14, isipokuwa kwa kazi za hatari ambako ni 18. Kanuni ya Adhabu inasema aliye chini ya miaka 10 hawajibiki kwa kosa la jinai hata kidogo. Sheria ya Ndoa ya 1971 ikaruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya mzazi, mpaka Mahakama Kuu mwaka 2016, katika shauri la Rebeca Gyumi, iliposema vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo 2019. Sasa niambie, kamusi gani itakupa hayo yote ukiandika tu "mtoto"?

Sheria isipotoa tafsiri, nenda Sura ya 1, yaani Sheria ya Tafsiri ya Sheria. Hii ndiyo funguo ya sheria zote za nchi na sijui kwa nini haitajwi mitaani. Humo utakuta kwamba "mtu" ni pamoja na kampuni, kwamba mwezi ni mwezi wa kalenda, na kwamba siku zikihesabiwa kuanzia tarehe fulani, ile tarehe yenyewe haihesabiwi. Kifungu cha 53 kinakwambia sheria ikisema mamlaka "inaweza" kufanya jambo, basi ina hiari, na ikisema "itafanya", basi ni lazima. Hapo Waswahili tunateleza sana. Ukisoma "mwombaji atawasilisha hati ndani ya siku 14" unaona kama mtu anasimuliwa habari za kesho. Ile ni amri.

Sura ya 1 ikikaa kimya, angalia majaji walivyolisoma neno lako. Hukumu ziko bure TanzLII, mtandao unaoendeshwa na Mahakama ya Tanzania. Andika neno lako ndani ya alama za nukuu, chuja upate hukumu za Mahakama ya Rufani kwanza, na anza na za karibuni. Mfano ambao kila mtu unamhusu: mali za ndoa. Sheria ya Ndoa inataja mgawanyo wa mali zilizochumwa kwa juhudi za pamoja, kifungu cha 114, lakini haikukaa chini ikaeleza mali za ndoa ni zipi na juhudi ni nini. Kina mama wengi wa nyumbani walikuwa wanaambiwa hawakuchuma kitu. Ni Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, 1983, iliyosema kazi za nyumbani ni mchango. Ukifungua kamusi ya kawaida, "juhudi" ni bidii. Basi. Haki ya yule mama ililindwa na hukumu, haikulindwa na kamusi.

Baada ya hapo ndipo unafungua kamusi ya sheria. Na baada ya kamusi ya sheria ndipo Kamusi Kuu au Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ili upate maana ya kawaida ya neno.

Karibuni tujadili. Wenye matusi wapite kule jukwaa la siasa.


NimekaaPale

Nimekaa pale na kahawa na kashata. Uzi mtamu.


LLB_Mwaka_wa_Tatu

Mkuu umeandika vizuri ila kichwa cha uzi kimekaa kishabiki. Niko Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), nasoma sheria. Mahakama ya Rufani yenyewe inanukuu Black's Law Dictionary mara kwa mara. Majaji wangapi wameandika "kwa mujibu wa Black's, neno hili maana yake ni..." halafu wakaamua? Kama wao wanaifungua, mwananchi akatazwe kwa nini?


MchapajiMakole

Mdogo wangu, sijamkataza mtu. Soma hizo hukumu unazozitaja kwa utulivu. Mara nyingi jaji anafungua Black's pale sheria yetu imekaa kimya, au anaitumia kukazia jambo ambalo tayari amelipata kwenye sheria au kwenye hukumu ya nyuma. Tena haimfungi. Ni kitabu cha kushawishi.

Na tusisahau ni kitabu cha wapi. Henry Campbell Black alikitoa Marekani 1891, na tangu toleo la saba la 1999 mhariri wake ni Bryan Garner, ambaye amekifanyia kazi kubwa kweli, sikatai. Lakini ni Mmarekani anaandika akiwa na Wamarekani kichwani. Chukua neno "felony" kwenye hati ya mashtaka. Kule kwa kawaida ni kosa la kifungo cha zaidi ya mwaka mmoja. Kanuni ya Adhabu yetu inasema ni kosa ambalo sheria imelitaja hivyo, au kama halijatajwa kuwa kosa dogo, basi ni lile lenye adhabu ya kifo au kifungo cha miaka 3 na kuendelea. Mtu akisoma ya kule akaja kujipima nayo hapa, amejipima kwa rula ya shule nyingine.


Wakili_wa_Zamani

Niongezee hapo, maana nimefanya kazi hii muda mrefu kabla sijastaafu na kurudi Mpwapwa kulima alizeti.

Mchapaji yuko sahihi, ila aseme na sababu. Sheria zetu nyingi hazikutoka Marekani. Sheria ya Mwenendo wa Madai ya 1966 imefuata ile ya India ya 1908, karibu neno kwa neno sehemu nyingi. Sheria ya Ushahidi ya 1967 mama yake ni Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872. Ndiyo maana ukiingia ofisi ya wakili mzee utakuta Mulla na Sarkar, vitabu vya wafafanuzi wa sheria wa Kihindi, wamekaa juu ya meza, kurasa zimelegea, na Black's iko kabatini. Neno likitoka kwenye sheria ya mwenendo wa madai, mfafanuzi wa Kihindi atakusaidia kuliko kamusi ya Marekani, kwa sababu anafafanua kifungu kile kile ulichonacho mkononi.

Kwa Kiingereza cha Uingereza kuna vitabu vya aina mbili na watu wanavichanganya. Osborn, iliyotoka mara ya kwanza 1927, ni kamusi ndogo ya mwanafunzi: neno, maana fupi, basi. Stroud, ya 1890, ni kitu kingine. Haikupi maana aliyoitunga mwandishi, inakukusanyia maana ambazo majaji walizitoa kwenye kesi, na kesi zenyewe zimetajwa. Ukiuliza neno "mara moja" au "karibu na" kwenye mkataba, Osborn hana la kukwambia. Stroud atakuonyesha jaji huyu alisema hivi na yule akasema vile. Halafu kuna Halsbury, iliyoanza 1907, ambayo si kamusi kabisa, ni ensaiklopidia. Pale hutafuti neno, unatafuta mada nzima.

Nisemeje kuhusu Kilatini? Vijana wanakihofia bure. Ni maneno machache yanayojirudia, ukiyashika umeyashika. "Res judicata" iko kwenye kifungu cha 9 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai: jambo likishaamuliwa na mahakama yenye mamlaka, kati ya watu wale wale, halirudishwi tena. Sheria imelieleza kuliko kamusi yoyote.


binti_wa_Kongwa

Shikamoo mzee wetu. Mimi naomba nisaidiwe na hili, naamini linawahusu wengi. Baba yangu mdogo alifungua shauri la shamba. Pingamizi likawekwa na upande wa pili, baraza likaamua. Aliyekuwa anamsaidia, sitamtaja, alimwambia "kesi imefutwa, umeshindwa, nenda nyumbani". Tumekaa mpaka leo. Juzi nimesoma ile karatasi mwenyewe, imeandikwa shauri "limeondolewa". Kuna tofauti au ni Kiswahili tu?


MchapajiMakole

Dada, umegusa penyewe. Hapa naomba niende taratibu.

Kwa lugha ya mtaani na ya magazeti, kesi "imetupwa", "imefutwa", "imetupiliwa mbali", "imeondolewa", yote ni mamoja: mtu karudi mikono mitupu. Kwa mahakama kuna mambo mawili tofauti kabisa. La kwanza ni shauri kutupiliwa mbali. Hapo kwa kawaida mahakama imefika kwenye kiini, au sheria imeelekeza litupwe, na mlango unafungwa. Kilichobaki ni kukata rufaa. La pili ni shauri kuondolewa mahakamani kwa sababu limeletwa vibaya: hati ina kasoro, kifungu kimekosewa, limepelekwa mahali pasipo na mamlaka. Hapo kiini hakijaguswa. Mtu anaruhusiwa kurekebisha na kulileta upya, mradi muda wa kufungua shauri haujaisha.

Tofauti hii haiko kwenye kamusi ya Kiswahili, na hata za Kiingereza zinaipita juu juu. Imetoka kwenye hukumu ya iliyokuwa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, Ngoni Matengo dhidi ya Alimahomed Osman, mwaka 1959, kesi ya chama cha ushirika cha kule Songea. Mahakama ilisema rufaa isiyo halali kisheria haina cha kutupiliwa mbali, inaondolewa, kwa maana kutupilia mbali kunahitaji kuwepo kitu halali cha kuamuliwa. Mpaka leo inanukuliwa TanzLII ukurasa kwa ukurasa.

Kwa hiyo chukua ile karatasi na usome mambo mawili. Aya ya mwisho kabisa inasema neno gani, na aya zilizo juu yake zinatoa sababu gani. Sababu ikiwa ni kasoro ya hati au mamlaka, hilo ni kuondolewa hata kama mwandishi wa hukumu ametumia neno jingine. Mahakama za juu zimeshasema mara nyingi zinaangalia kiini cha amri, haziishii kwenye neno lililotumika. Sababu ikiwa ni kupitwa na muda, hilo ni baya: kifungu cha 3 cha Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, kinasema shauri la namna hiyo linatupiliwa mbali.

Halafu msipoteze siku. Mpelekeni kwa msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua, na huduma yao ni bure.


binti_wa_Kongwa

Nimeisoma hapa hapa. Inasema "kwa kuwa maombi hayakuambatanishwa na maelezo sahihi ya eneo la ardhi, shauri linaondolewa". Mungu akubariki sana kaka.


Wakili_wa_Zamani

Hiyo ni ya kuondolewa, mwanangu. Mipaka ya shamba haikuelezwa ipasavyo. Apimiwe, aandike upya. Ila waangalie kwanza muda. Madai ya ardhi ni miaka 12 tangu haki ya kudai ilipoanza.


GogoAsilia

Nyie mnahangaika. Tangu 2021 sheria ni Kiswahili, mahakama ni Kiswahili. Tusubiri sheria zote zikamilike kutafsiriwa, hizi kamusi za wazungu tuwarudishie wenyewe. Kila Mgogo anajua Kiswahili.


MchapajiMakole

Kaka nakuelewa, na mimi nilifurahi. Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya 2021 iliibadilisha Sura ya 1, kifungu cha 84, ikaongeza na 84A: lugha ya sheria na ya mahakama ni Kiswahili, Kiingereza kinaingia pale maslahi ya haki yanapodai. Imepitishwa hapa hapa kwetu, Bungeni.

Lakini neno la sheria linabaki la sheria hata likivaa kanzu ya Kiswahili. Nikupe la mifugo ili tuelewane, maana tuko Ugogo. Jirani yako amekuta mbuzi kwenye zizi lako, akamchukua usiku bila kukuambia. Kwa Kiswahili cha kila siku, na cha Kamusi, kaiba. Kanuni ya Adhabu kifungu cha 258 inataka zaidi: awe amechukua kwa hila, na bila kudai kwa nia njema kwamba ni haki yake. Kama anaamini kabisa yule mbuzi ni wake, ana alama yake sikioni, alipotea masika, basi kifungu cha 9 kinamlinda kwenye jinai. Mahakama itawaambia nendeni mkaamue umiliki kwenye shauri la madai. Maneno yote hapo ni ya Kiswahili safi, hakuna la kigeni hata moja, na bado bila kufungua kifungu huambulii kitu.

Tafsiri nazo zinapishana. Kuna mambo mawili tofauti: mahakama kurudia kuangalia uamuzi wake yenyewe kwa sababu kuna kosa lililo wazi kwenye kumbukumbu au ushahidi mpya, na mahakama ya juu kuita jalada la mahakama ya chini kuangalia kama lilienda sawa. Kuna wanaoita la kwanza mapitio na la pili marejeo. Kuna wanaoita kinyume chake. Nimechapa nyaraka za namna zote mbili, zimetoka kwa mawakili wote wakiwa na mihuri. Dawa yake ni kutazama kifungu kilichotajwa pale juu ya maombi. Kwenye Sheria ya Mwenendo wa Madai, kifungu cha 78 ni lile la kwanza, 79 ni la pili. Namba haidanganyi, mradi unajua ni ya toleo gani.

Na hilo la toleo nalisisitiza. Ukiona karatasi imeandika "R.E. 2002" au "R.E. 2019", hayo ni matoleo ya zamani ya urekebu, yaani sheria zilizochapwa upya pamoja na marekebisho yake. Toleo la 2023 limeanza kutumika Julai 1, 2025. Urekebu unaweza kuhamisha namba za vifungu, kwa hiyo namba ninazozitaja humu, na za mzee pia, zilinganishe na toleo jipya kabla hujaandika kwenye hati yako.


LLB_Mwaka_wa_Tatu

Hilo la toleo hata darasani linatutesa. Nakubali yaishe, mkuu. Ila nami niongeze kitu: kuna neno moja lina tafsiri mbili kwenye sheria pacha zilizotungwa mwaka mmoja. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999. Zote zinaeleza "ardhi ya jumla" kuwa ni ardhi ya umma isiyo ya hifadhi wala ya kijiji. Ila Sheria ya Ardhi inaongeza: pamoja na ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Hiyo nyongeza haimo kwenye ile ya vijiji. Sasa kijiji kina eneo la malisho ambalo halijalimwa, mwekezaji akija na sheria ya kwanza na mwenyekiti wa kijiji akashika ya pili, wote wanasoma tafsiri halali. Mhadhiri wetu alitupa hilo tulijadili kipindi kizima.


NkuhunguYetu

Hapo kwenye malisho ndipo ugomvi wote wa Kiteto na Chemba ulipo.


MchapajiMakole

Dogo hapo umenifundisha. Hii ni bora kuliko mfano wangu wa mtoto.


mama_Ipagala

Habari zenu. Mimi swali langu ni la mjini. Mume wangu aliacha karatasi ya kiwanja ya enzi za CDA. Imeandikwa habari za upangaji, miaka 33. Kijana wangu kaangalia kwenye simu, kaniambia mama wewe ni mpangaji tu, kiwanja si chako. Silali.


MchapajiMakole

Mama pole, na lala usingizi. Kijana kasoma maana ya upangaji wa chumba.

Hapa Dodoma tulikuwa na utaratibu wetu. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, iliundwa 1973 ilipoamuliwa makao makuu yahamie huku, na yenyewe ndiyo ilishikilia ardhi ya mji, kisha ikawapangisha wananchi viwanja kwa miaka 33. Watu wa Arusha au Mwanza hawana karatasi ya namna hiyo, kwa hiyo wakiisoma wanashangaa. CDA ilivunjwa Mei 2017, shughuli zake zikaenda halmashauri, na watu wakaanza kubadilisha kwenda hati za miaka 99 kama kwingine. Na kumbuka, kwa Sheria ya Ardhi hakuna Mtanzania anayeimiliki ardhi yenyewe moja kwa moja. Yote ni ya umma, Rais ni mdhamini, sisi tuna haki ya kuitumia kwa kipindi. Ukiichukua kamusi ya Kiingereza ukasoma habari za umiliki wa milele utadhani nchi nzima tumedhulumiwa.

Nenda ofisi ya ardhi ya Jiji na ile karatasi halisi. Usimpe mtu wa mtaani akusaidie, na usiitoe mkononi kabla hujatoa kopi.


mama_Ipagala

Asante baba. Na mirathi je? Jina bado ni la marehemu. Shemeji yangu ndiye aliyeteuliwa msimamizi mahakama ya mwanzo, naye sasa anasema kiwanja ni chake kwa kuwa mahakama imempa.


Wakili_wa_Zamani

Hapana. Hapana kabisa. Msimamizi wa mirathi si mrithi. Anaweza kuwa yote mawili, lakini kuteuliwa kusimamia hakumpi hata kipande cha mali. Kazi yake ni kukusanya mali za marehemu, kulipa madeni, kugawa kwa warithi, kisha kurudi mahakamani kutoa hesabu. Neno msimamizi limekaa kikubwa, linawalevya watu.

Wala huna haja ya kamusi. Kanuni za mirathi za mahakama za mwanzo za 1971 zinamtaka ndani ya miezi minne tangu ateuliwe, au muda atakaoongezewa na mahakama, apeleke orodha ya mali na madeni, Fomu Na. V, kisha hesabu, Fomu Na. VI, kwa vipindi atakavyopangiwa na mahakama. Nenda kwa karani wa mahakama ile ile, taja namba ya shauri, omba kuona kama fomu hizo zimo kwenye jalada. Kama hazimo na muda umepita, andika barua kwa hakimu, ueleze wewe ni mjane wa marehemu, uombe msimamizi aitwe atoe hesabu. Akishindwa, mahakama ina uwezo wa kumwondoa na kuteua mwingine.


mama_Ipagala

Kesho asubuhi naenda.


MchapajiMakole

Mama, barua ipitie hapa kwangu kabla ya kwenda, nitaichapa bila malipo. Njoo na namba ya shauri, cheti cha kifo na cheti cha ndoa.


NimekaaPale

Kahawa imeisha lakini siondoki. Mchapaji, kwa sisi tusio na hela ya Black's wala Stroud, tunasoma wapi?


MchapajiMakole

Hukumu na sheria, TanzLII, bando tu. Vitabu vikubwa, uliza maktaba ya UDOM kama wanaruhusu wasomaji wa nje, na pita pia maktaba ya mkoa. Osborn ya toleo la zamani inapatikana kwa wauza vitabu vya mitumba, na kwa maneno ya Kilatini inatosha, hayabadiliki. Kwa maneno ya ardhi, ndoa na kazi usinunue kamusi ya zamani. Printi kifungu cha tafsiri cha sheria husika toleo la 2023. Ni kurasa chache tu, na ukija Makole nakutolea kwa bei ya kopi.